Tunapoandika Wageni, Tusimsahau Mwenye Nyumba

Somo la kujadiliwa katika vikundi vya amani, kamati za vijiji na mashirika ya kiraia

Lengo la somo: Mwishoni mwa somo hili kikundi kitaweza kueleza mahitaji ya watu waliohamishwa na vita pamoja na mahitaji ya familia zinazowapokea, na kitajua hatua za kutengeneza orodha ya msaada isiyoleta ugomvi kijijini.



Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kinachoonekana kidogo, yaani orodha. Kila msaada unaofika katika vijiji vyetu huanza na orodha. Mtu mwenye kalamu na karatasi anakaa chini ya mti au kwa chifu, anauliza majina, anahesabu watoto. Siku chache baadaye, aliyeandikwa anapata jetoni, na asiyeandikwa anabaki akitazama. Sisi tumefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa katika Kivu ya Kusini, na tumekosea zaidi ya mara moja. Tunawaandikia ili kosa letu liwe somo kwa wengine.

1. Vita vinaua hata pale ambapo risasi hazifiki

Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imepitia vita vya 1996 hadi 1997, kisha vile vya 1998 hadi 2003. Baada ya serikali ya mpito ya 2003 na uchaguzi wa 2006, mapigano yaliendelea upande wa mashariki, kila mara kwa majina mapya. Aliyezaliwa wakati wa vita vya kwanza leo ni mzazi, na watoto wake nao wamekwisha kulala porini.

Watu wengi wakisikia neno "vita" wanafikiri juu ya wale waliouawa kwa risasi na panga. Lakini shirika la International Rescue Committee, lililofanya uchunguzi mara tano nchini kati ya 2000 na 2007, lilikadiria kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya wale ambao wangekufa wakati wa kawaida. Wataalamu wengine walipinga hesabu hiyo wakisema ni kubwa mno. Jambo ambalo uchunguzi huo ulionyesha wazi ni hili: wengi wa marehemu hawakuuawa katika mapigano. Walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo. Karibu nusu yao walikuwa watoto wenye umri usiofika miaka 5.

Tuone jinsi jambo hilo linavyotokea. Kijiji kinashambuliwa wiki mbili kabla ya kuvuna maharage. Familia inakimbia na kuacha mavuno shambani. Mbegu zilizobaki zinaliwa njiani. Kituo cha afya kimeibiwa dawa, na muuguzi naye amekimbia. Mtoto anapata homa. Mama anatembea siku nzima kutafuta kituo kingine, na akifika anaombwa pesa ambazo hana. Mtoto huyo akifa, hakuna atakayesema aliuawa vitani. Hata hivyo vita ndivyo vilivyomwua.

Mfano mwingine ni wa miaka ya karibuni. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini. Dunia nzima ilisikia. Wakati huohuo, surua iliyoenea nchini kuanzia 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, ingawa chanjo yake inajulikana tangu zamani na bei yake ni ndogo. Chanjo haifiki pale ambapo barabara imekufa na njia imefungwa na watu wenye silaha.

2. Mahitaji ni yapi? Tuhesabu pamoja

Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya milioni 7 waliohama makwao ndani ya nchi yetu, na watu zaidi ya milioni 25 waliokuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Hesabu kama hizo ni kubwa mno kwa akili ya mtu mmoja. Kwa hiyo tuziache, tuingie katika nyumba moja.

Tangu 1997 mashirika mengi ya misaada yamekubaliana juu ya vipimo vya chini vinavyoitwa Sphere. Vinasema kwamba mtu aliye katika shida anahitaji walau:

- maji lita 15 kwa siku, kutoka mahali pasipozidi mita 500;
- chakula chenye nguvu ya kalori 2,100 kwa siku;
- nafasi ya kulala ya mita 3.5 za mraba chini ya paa;
- choo kisichotumiwa na watu zaidi ya 20.

Sasa chukueni nyumba ya kawaida ya kwetu, yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Ndani yake wanaishi watu 7. Usiku mmoja zinabisha hodi familia mbili zenye watu 11. Wote pamoja wamekuwa 18. Nyumba ina mita 30 za mraba, lakini kwa vipimo tulivyovitaja watu 18 wanahitaji mita 63. Maji yao ni lita 270 kwa siku, maana yake bidoni 13 na nusu za lita 20. Nani atazibeba? Ni wasichana, asubuhi kabla ya shule, au badala ya shule. Choo kilichochimbwa kwa watu 7 kitajaa haraka, na majirani watalalamika.

Katika mashariki ya Kongo watu wengi waliohamishwa na vita hawaishi kambini. Wanaishi katika nyumba kama hii, kwa jamaa, kwa marafiki wa kanisa, na mara nyingi kwa watu ambao hawakuwajua kabla. Mwanzoni mwa 2025, M23 walipouteka mji wa Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, kambi kubwa zilizouzunguka mji wa Goma ziliachwa tupu kwa siku chache, na mamia ya maelfu ya watu walilazimika kuondoka. Wengine walirudi katika vijiji vilivyobomolewa, wengine wakaingia katika nyumba za watu. Mwaka huohuo serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini, ilikata sehemu kubwa ya pesa zake. Mzigo ulioanguka kutoka mikononi mwa mashirika uliangukia mabega ya wenye nyumba.

Familia inayopokea wageni ndiyo shirika la kwanza la msaada. Inafika kabla ya lori lolote, nayo haina mfadhili.

3. Kosa letu

Tunataka kuwasimulia yaliyotupata katika kijiji kimoja cha milima ya Kalehe, juu ya Ziwa Kivu. Jina la kijiji hatulitaji.

Watu walikuwa wameshuka kutoka nyanda za juu wakikimbia mapigano, nao walikuwa wamekaa pale miezi minane. Tulifika kuandika majina siku ya soko. Barabara ilikuwa mbaya na tulitaka kurudi kabla ya giza, hivyo tulikuwa na alasiri moja tu. Chifu alitusaidia kwa moyo mwema. Tuliandika familia 140 za wakimbizi wa ndani, wale tunaozoea kuwaita wadeplase. Mradi ulikuwa wa wadeplase, kwa hiyo hatukuuliza wamelala kwa nani.

Siku ya kugawa tulileta bashi za kuezekea, bidoni, masufuria, mablanketi na sabuni. Vijana wa kijiji waliweka magogo barabarani. Baada ya mazungumzo marefu waliyaondoa, na hakuna aliyepigwa. Tulimaliza kazi, tukaandika katika ripoti kwamba yote yalikwenda vizuri.

Siku tatu baadaye mwalimu mkuu wa shule alitupigia simu. Usiku ule wa ugawaji nyumba tisa ziliwatoa wageni wao. Watu hao walikuwa wamelala katika darasa la nne, na watoto wa darasa hilo hawakusoma kwa siku kumi na moja. Tena maneno mabaya yalianza kusikika sokoni. Watu walikuwa hawasemi tena "wageni wetu". Walitaja kabila na kusema, "Warudi kwao."

Tulirudi kijijini, tukaomba kuketi na mama mmoja wa nyumba hizo tisa. Alitukaribisha, akatupa viti, ndipo akasema:

"Wanangu, ninyi mliingia katika kiwanja changu, mkaandika wageni wangu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hamkuniona?"

Tulimwambia, "Mama, utusamehe. Tulikosea."

Akaanza kutuhesabia, bila hasira. Sombe la shamba lake lilikuwa limekwisha. Mbuzi aliuzwa mwezi wa tatu, mtoto wa wageni alipolazwa. Wasichana wake walikuwa wakilala kwa bibi yao kwa sababu ya kukosa nafasi. Choo kilikuwa kimejaa. "Nilipowapokea," akasema, "hakuna aliyeniletea orodha. Sikudai kitu. Lakini usiku ule nilisikia baridi, na mgeni wangu alikuwa amefunga mablanketi mapya mawili katika mfuko, hayafungui. Nikaona kwamba ananificha."

Kisha tulikwenda shuleni tukamwona yule mgeni, naye ni mama mwenye watoto wanne. Tulimwuliza kwa nini hakumgawia mwenye nyumba hata blanketi moja. Akatutazama kwa mshangao. "Bwana, si ninyi mlisema? Mlisema atakayeuza vitu au kumpa mwingine, jina lake litafutwa."

Ni kweli. Tulikuwa tumesema hivyo kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote. Tulitaka kuzuia vitu visiuzwe sokoni, na kwa kanuni hiyo tulimkataza mgeni kumshukuru mwenyeji wake. Ukarimu wa miezi minane ulikuwa umevumilia njaa na ugonjwa, lakini haukuweza kuvumilia orodha yetu.

4. Msaada unaweza kuunganisha au kugawanya

Kosa la namna hiyo si geni kwetu hapa Kivu. Mwezi wa Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na kandokando yake kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika mwezi mmoja. Msaada ulikuja kwa wingi, na uliokoa maisha ya wengi. Lakini katika kambi, viongozi waliohusika na mauaji ya kimbari ndio walioshika orodha. Waliongeza majina yasiyokuwepo, wakachukua chakula, wakajipatia nguvu juu ya raia. Mashirika mengine yaliondoka kabla ya mwaka 1994 kwisha kwa sababu yaliona msaada wao unawalisha wenye silaha. Wakati huohuo wenyeji waliona msitu wa Virunga ukikatwa kwa kuni na bei za sokoni zikibadilika, nao hawakuwa katika orodha yoyote.

Kutokana na mambo kama hayo, mtafiti Mmarekani Mary B. Anderson alichapisha mwaka 1999 kitabu kuhusu jinsi msaada unavyoweza kusaidia amani au vita. Fundisho lake, linalojulikana kama "Usidhuru", ni rahisi kulikumbuka. Katika kila jamii yenye ugomvi kuna vitu vinavyogawanya watu na vitu vinavyowaunganisha. Kabla ya kuleta msaada, tafuta vyote viwili, kisha angalia msaada wako utatia nguvu upande gani.

Katika kijiji chetu kilichounganisha kilikuwa kile kiwanja chenye jiko moja, chemchemi moja, soko moja na darasa moja. Kilichogawanya kilikuwa lugha, ardhi na bei ya kibarua. Wageni wasio na shamba walikubali kulima kwa malipo madogo, na vijana wa kijiji waliotegemea kibarua hichohicho wakakosa kazi. Ndio waliokuja na magogo. Laiti tungeuliza mapema, tungelijua hilo kabla ya kuleta lori.

5. Hatua tano tunazozifuata sasa

Hatua ya kwanza: Andika nyumba nzima. Karatasi moja iwe na majina ya wenyeji na ya wageni wao pamoja. Tulipohesabu upya kwa namna hiyo tulikuta kwamba familia 140 zilikuwa zimekaa katika nyumba 96. Uliza pia kuhusu wasioonekana: wazee, walemavu, wajane, na watoto wasio na wazazi.

Hatua ya pili: Tangaza vigezo kabla ya majina. Watu wakijua mapema nani atapata na kwa sababu gani, manung'uniko yanapungua. Soma orodha kwa sauti mbele ya wote, uibandike, uache siku tatu za kusahihisha. Jina la uongo haliwezi kudumu siku tatu mbele ya majirani.

Hatua ya tatu: Chagueni kamati ya pande zote. Iwe na wenyeji na wageni, watu wa makabila yote ya mahali, na nusu yake wawe wanawake. Mtu mwenye silaha, au anayetumwa naye, asiingie. Chifu aheshimiwe na aarifiwe, lakini asiachiwe orodha peke yake, kwa usalama wake mwenyewe pia.

Hatua ya nne: Linganisha kitu cha mkononi na kitu cha wote. Blanketi ni la mtu mmoja, lakini chemchemi, choo, darasa na kituo cha afya vinatumiwa na wote. Vitu vilivyobaki havikutosha nyumba 96. Kamati iliomba, na mfadhili wetu alikubali baada ya majadiliano, kwamba pesa zilizosalia zitengeneze chemchemi na kuchimba vyoo katika viwanja vyenye wageni wengi. Wageni na wenyeji walifanya salongo pamoja kwa majuma mawili.

Hatua ya tano: Linda heshima ya watu siku ya kugawa. Mahali pawe karibu, na kazi iishe mapema ili wanawake wafike nyumbani kabla ya giza. Sema wazi kwamba jetoni haiuzwi, hailipwi kwa pesa wala kwa mwili. Tusione haya kulisema hilo. Ripoti ya tume huru iliyotolewa Septemba 2021 ilionyesha kwamba wanawake walitumiwa vibaya na wafanyakazi wa misaada wakati wa Ebola. Awepo mwanamke wa kupokea malalamiko kwa siri, na malalamiko yafuatiliwe. Ile kanuni ya kumkataza mtu kugawa chake tumeifuta.

6. Mambo ambayo orodha haiwezi kuyatengeneza

Hatutaki kuwadanganya. Katika zile nyumba tisa, sita zilifungua mlango tena, yule mama akiwa wa kwanza. Tatu hazikufungua. Familia moja iliyokuwa shuleni ilirudi nyanda za juu kabla ya usalama kupatikana.

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima, lakini tumeona ugumu wake. Jembe tunaweza kulinunua; shamba je? Pale ambapo wenyeji wenyewe hawana ardhi ya kutosha, mgeni mwenye jembe anaonekana kama mnyang'anyi. Ndiyo maana tunashauri mapatano ya maandishi. Mwenye shamba anamwachia mgeni sehemu kwa msimu mmoja wa maharage, inaandikwa ni kipande gani, mpaka lini, na mavuno yatagawanywaje, na mashahidi wanaweka sahihi. Karatasi hiyo inamlinda mgeni asifukuzwe kabla ya kuvuna, na inamlinda mwenyeji asipoteze shamba lake.

Zaidi ya hayo, hitaji la kwanza ambalo watu hututajia kila tunapouliza si chakula. Wanasema, "Tunataka kurudi kwetu na kulala." Hilo halimo katika lori lolote. Linadai watawala na wenye silaha wasikilizane, nasi tuliomo vijijini hatuna uwezo wa kuwaamuru. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku ya kurudi ikifika, waliopokea na waliopokewa waagane kama jamaa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nyumba ngapi zinazokaa na wageni wa vita? Nani anazijua zote?
2. Chagueni nyumba moja mnayoifahamu. Hesabuni watu, maji, choo na nafasi ya kulala kama tulivyofanya katika sehemu ya 2. Mmeona nini?
3. Taja vitu vitatu vinavyounganisha wenyeji na wageni kwenu, na vitatu vinavyowagawanya. Msaada wa mwisho mliopokea ulitia nguvu upande gani?
4. Mama mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuwatoa wageni wake? Mgeni alikuwa na haki ya kuficha mablanketi? Kabla ya kujibu, kila mtu ajiweke mahali pa mwingine.
5. Kama shirika litafika kesho na kuomba orodha kwa alasiri moja, kamati yenu itajibu nini?

Zoezi la nyumbani: Kila mshiriki amtembelee mwenyeji mmoja anayekaa na wageni, amsalimu, amwulize habari za nyumba yake, na asikilize bila kuandika kitu. Yatakayosikika yaletwe katika mkutano unaofuata.

Mkitumia somo hili, mtuandikie mlivyofaulu na pia mlivyokosea, ili tuendelee kujifunza pamoja.